Mgongo wa Mlimaji: Sanamu za Jean-François Millet

Wengi wetu tumeijua sanamu iitwayo Angelus tangu utoto. Katika misioni nyingi ilitundikwa ukutani: katika nyumba ya masista, ao katika chumba cha mafundisho, ao kwenye kalendari iliyokwisha zamani lakini hakuna aliyethubutu kuitupa. Mume na mke wanasimama shambani saa ya jioni. Mume amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Mke ameinamisha kichwa, amefumba mikono kifuani. Katikati yao, chini, kuna kikapo cha viazi. Kando ya mume uma mkubwa wa kuchimbia umechomekwa katika udongo. Nyuma ya mke iko burweti yenye magunia. Mbali sana, mwisho wa uwanda, waona mnara wa kanisa. Ndiyo yote.

Mimi nami nimeihubiri sanamu hiyo. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha parokia yetu, wakati wa kupanda, na watu walikuwa wamechoka. Niliwaonyesha picha, nikawaambia: Tazameni hawa, kazi yao ni nzito kama yenu, lakini kengele ikilia wanaacha kazi, wanamshukuru Mungu, wanaridhika. Baada ya Misa mama mmoja mzee, ambaye mgongo wake haunyoki tena, aliitwaa picha ile, akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: «Padri, mtoto wangu, shamba hili ni lao, ao ni la mwengine?» Nikamjibu: «Mama, sijui.» Akanirudishia picha. «Basi umejua namna gani kwamba wanaridhika?»

Makala hii imetoka katika swali lile. Nilirudi nyumbani na haya kidogo, nikaanza kusoma habari za mtu aliyeichora, Jean-François Millet, Mfaransa, na habari za wale waliochora mashamba kabla yake. Nikaona kwamba swali la mama yule si geni. Katika Ulaya watu wenye elimu waligombana juu ya swali hilo hilo miaka mingi, tena kwa hasira.

Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walipenda shamba kuliko mlimaji. Mtemi mmoja mkubwa wa Ufaransa, Jean wa Berry, aliyekufa mwaka wa 1416, alijitengenezea kitabu cha sala chenye sanamu za miezi ya mwaka, kazi ya ndugu watatu wa ukoo wa Limbourg. Katika mwezi wa tatu mlimaji anaongoza plau nyuma ya ng'ombe. Katika mwezi wa sita watu wanakata majani. Na nyuma yao, kwa juu, limesimama jumba la bwana, jeupe, lenye minara. Rangi zake ni nzuri ajabu, hilo nalikubali. Lakini kila mtu yuko mahali alipowekwa, na mwenye kitabu akifungua sala zake aliona pia mali yake.

Pieter Bruegel, aliyekufa Brussels mwaka wa 1569, alikuwa na jicho lingine. Sanamu yake ya Wavunaji, ya mwaka wa 1565, leo iko New York. Ni saa ya mchana, jua ni kali. Wengine bado wanakata ngano, wengine wanakula chini ya mti, na mwanaume mmoja amelala chali, miguu imetawanyika, kinywa wazi, kama mtu aliyeangushwa na ulevi. Lakini si ulevi, ni uchovu. Mtu aliyepata kuvuna anamtambua mara moja. Hata hivyo sanamu hizo za majira hazikuchorwa kwa wavunaji. Tajiri mmoja wa Antwerp, jina lake Niclaes Jonghelinck, alizitundika nyumbani mwake, na mwaka wa 1566 aliziweka rehani, pamoja na nyingine za Bruegel, kwa ajili ya deni la mtu mwengine.

Baadaye mambo yaliharibika. Katika karne ya 18, wakati wa François Boucher, aliyekufa mwaka wa 1770, sanamu za mashambani zilijaa wachungaji vijana waliovaa hariri, wenye miguu myeupe isiyokanyaga tope hata siku moja. Kondoo wao ni safi kama nguo za altare. Hakuna anayefanya kazi. Wanapiga filimbi na kupeana maua. Malkia Marie Antoinette naye alijengewa kijiji cha mchezo katika bustani ya Versailles kuanzia mwaka wa 1783, chenye vibanda na zizi na nyumba ya maziwa, ili apate kupumzika huko pamoja na rafiki zake. Miaka 6 baadaye Mapinduzi yalitokea. Sisemi kwamba sanamu zilileta Mapinduzi. Nasema tu kwamba wakubwa waliozoea kumtazama mchungaji wa hariri hawakumwona yule wa kweli alipokuwa akija.

Tuje sasa kwa Millet. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1814 katika kitongoji cha Gruchy, parokia ya Gréville, katika Normandi, karibu na bahari. Wazazi wake walikuwa walimaji. Hawakuwa matajiri, lakini shamba lilikuwa lao wenyewe, na jambo hili tulikumbuke, maana litatusaidia mbele. Bibi yake, mama ya baba, ndiye aliyemlea, akampa jina la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mama huyu alikuwa na ibada nyingi na ukali wa kutosha, kama tunavyowajua mabibi zetu.

Katika nyumba hiyo alikaa pia padri mzee, ndugu wa babu yake, jina lake Charles Millet. Wakati wa Mapinduzi alikuwa amepata taabu pamoja na wapadri wengine, kisha akarudi kukaa kwa ndugu zake. Ndiye aliyeanza kumfundisha mtoto kusoma. Akiisha kusoma Misa yake alikwenda kulima na kubeba mawe ya kujenga ukuta wa shamba. Nakiri kwamba niliposoma habari hizo niliweka kitabu chini kwa muda. Sisi tuliotoka katika seminari kubwa twasema mara nyingi kwamba tu watoto wa walimaji, na ni kweli. Lakini ni wangapi kati yetu ambao mikono yao ingekubali hata saa mbili za jembe?

Padri mwengine wa Gréville alimfundisha Kilatini, hata akaweza kumsoma Virgili, yule mshairi wa Roma aliyeimba habari za plau na nyuki na ng'ombe. Alimpenda maisha yake yote. Basi kijana huyu alikuwa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja: Virgili kichwani na jembe mkononi. Alilima kwa baba yake mpaka karibu na miaka 20. Ndipo baba alipoona kwamba kweli ana kipawa, akampeleka Cherbourg kwa mwalimu wa uchoraji. Baba alikufa mwaka wa 1835. Mwaka wa 1837 mji wa Cherbourg ulimsaidia kwa fedha aende kusoma Paris.

Miaka ya Paris nitaipita upesi, maana ilikuwa ya njaa na ya kuchora vitu vya kuuzwa tu. Msaada wa mji ulikatika. Mke wake wa kwanza, Pauline, alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1844. Kisha alikaa na Catherine Lemaire, akazaa naye watoto 9. Sitaficha jambo hili, kwa kuwa wengine wamemfanya Millet kuwa karibu mtakatifu wa kuwekwa altareni: alifunga naye ndoa ya serikali mwaka wa 1853 tu, na ndoa ya Kanisa siku chache kabla ya kufa, Januari 1875. Bibi yake alipokufa mwaka wa 1851, na mama yake mwaka wa 1853, yeye hakuwapo. Mtoto aliyekwenda mbali kwa ajili ya masomo anajua uzito wa maneno hayo.

Mwaka wa 1848 mfalme alifukuzwa, na Ufaransa ikawa tena jamhuri. Wanaume wote walipewa haki ya kuchagua wakubwa, na kwa hesabu wengi wao walikuwa walimaji. Kwa ghafula mabwana wa Paris walianza kujiuliza: mlimaji huyu ni nani, tena anataka nini? Mwaka huo Millet alionyesha sanamu ya Mpepetaji, mtu anayepepeta nafaka kwa ungo mkubwa, na waziri Ledru-Rollin aliinunua kwa faranga 500. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya kolera na machafuko, Millet alihama Paris na jamaa yake, akaenda kukaa Barbizon, kitongoji kilicho kando ya msitu wa Fontainebleau. Barbizon haikuwa na kanisa. Watu wake walikuwa wa parokia ya Chailly. Mnara unaouona katika Angelus ni ule wa Chailly.

Aliishi huko mpaka kufa, miaka 25 na zaidi. Asubuhi alilima bustani yake, mchana alichora. Hakupenda kuweka watu mbele yake wakae wima wachorwe. Alitembea, akatazama, akarudi, akachora kwa ukumbusho, na zaidi kwa ukumbusho wa mwili wake mwenyewe. Hapo ndipo tofauti yake na wengine. Bruegel aliona uchovu. Millet alikuwa nao mgongoni.

Tazama Mpanzi wake, aliyeonyeshwa Paris katika maonyesho ya mwaka wa 1850 na 1851. Mtu mkubwa anashuka mteremko, mfuko wa mbegu umezungushwa mkononi, uso uko gizani chini ya kofia, ndege wanamfuata nyuma. Mkono unaotupa mbegu umekwenda mbali, na mwili wote unaufuata. Mabwana wa maonyesho waliogopa. Wengine waliona kwamba mtu huyu anatupa kitu kingine kuliko ngano. Sisi tunaosoma Injili ya mpanzi kila mwaka twaweza kucheka. Lakini tukumbuke kwamba wao walikuwa wametoka katika damu ya Juni 1848, na kila mtu mwenye mikono minene aliwatisha.

Sanamu ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ile ya Waokota-masuke, ya mwaka wa 1857. Wanawake watatu wako mbele, katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wameinama kabisa, mkono unagusa udongo. Wa tatu ameinuka nusu tu, kama mtu anayejaribu kama mgongo bado utakubali. Yule wa kushoto ameweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, umeshika kifungu kidogo cha masuke. Nyuso zao hazionekani vizuri. Nyuma yao, mbali, katika nuru ya dhahabu, kuna mavuno yenyewe: marundo makubwa ya ngano, gari limejaa, wavunaji wengi sana kama siafu. Na kwa upande wa kuume, mdogo kwa sababu ya umbali, mtu mmoja amepanda farasi. Ni msimamizi, sisi tungesema kapita. Anaangalia kazi.

Msomaji wa Biblia anajua desturi hiyo. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi na cha Kumbukumbu la Torati, yamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka ukingoni na kurudi kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruth Mmoabi aliishi kwa haki hiyo katika shamba la Boazi. Millet mwenyewe aliwaza habari za Ruth: sanamu moja ya wavunaji waliopumzika, iliyompatia nishani mwaka wa 1853, aliianza kama sanamu ya Ruth na Boazi. Lakini katika ile ya mwaka wa 1857 Boazi hayupo tena. Hakuna bwana anayekuja kumwambia mwanamke: kaa karibu na wajakazi wangu, unywe maji yao. Kuna yule wa farasi tu, naye yuko mbali.

Katika Ufaransa ya wakati ule kuokota masuke kulikuwa ni haki ya kale sana, lakini yenye mipaka. Tangu mwaka wa 1554 amri ya mfalme Henri II iliwaachia wazee, wagonjwa na watoto wadogo, watu wasioweza kufanya kazi ya kuvuna. Kitabu cha sheria za adhabu cha mwaka wa 1810 kilimtoza faini yule aliyeokota kabla shamba halijaondolewa mavuno yote, ao kabla ya jua kuchomoza, ao baada ya kuchwa. Fikiri basi: mwanamke anangoja mpaka gari la mwisho liondoke, ndipo anaingia; na jua likichwa ni lazima atoke. Kati ya saa hizo mbili, suke moja moja, ndicho chakula cha watoto wake. Na katika uwanda wa Chailly mashamba ya ngano yalikuwa makubwa, ya wenye mali, nao wengi waliishi kwa kibarua. Nadhani mama yule wa kijiji chetu angelielewa sanamu hii mbele ya mimi.

Wasomi wa Paris waliielewa pia, na ndiyo sababu walikasirika. Mmoja aliandika gazetini kwamba nyuma ya wanawake hawa watatu aliona mikuki ya maasi na majukwaa ya kukatia vichwa ya mwaka wa 1793. Wanawake watatu wanaokota nafaka zilizoachwa! Hawakushika silaha yo yote. Kosa lao lilikuwa ni kuwa wakubwa katika sanamu. Zamani maskini aliwekwa kwenye kona, mdogo, ili kupamba. Hapa maskini ndiye aliye mbele, naye tajiri amekuwa mdogo kule nyuma.

Ili kuona vema, linganisha na Jules Breton, mchoraji wa wakati ule ule, mtu wa Courrières katika kaskazini ya Ufaransa. Mwaka wa 1859 alionyesha Waokota-masuke wakirudi jioni. Nao ni wanawake maskini, wengine hawana viatu. Lakini wanatembea kama malkia, miganda juu ya mabega, shingo imenyoka, jua la jioni nyuma yao. Ni sanamu nzuri, tena Breton aliwapenda kweli watu wa kwao. Ilinunuliwa kwa ajili ya Kaisari Napoleon III. Twaelewa kwa nini. Mbele ya sanamu ya Breton unasema: Umaskini unapendeza! Mbele ya ile ya Millet unashika kiuno chako.

Juu ya Mtu mwenye Jembe, ya miaka ya 1860 hadi 1862, iliyoonyeshwa mwaka wa 1863, magomvi yalizidi. Mwanaume amesimama akijiegemeza juu ya jembe katika ardhi yenye mawe na miiba. Mgongo umekunjika, kinywa wazi, macho hayatazami kitu. Wengine walimwita mnyama; mmoja alimfananisha na mwuaji ambaye jina lake lilikuwa limejaa magazetini. Wengine walisema mchoraji ni msosialisti. Millet alikana. Katika barua kwa rafiki yake Sensier alieleza kwamba yeye huona uzuri wa mashamba kama watu wengine, maua na jua na mawingu. Lakini huona pia farasi wanaotoka mvuke wakilima, na mtu aliyechoka tangu asubuhi anayejaribu kunyosha mgongo ili avute pumzi. Akakumbusha neno la kitabu cha Mwanzo juu ya jasho la uso. Hakuwa mtu wa chama. Alikataa tu kusema uongo juu ya jembe.

Na sasa Angelus. Tajiri mmoja wa Boston katika Marekani, Thomas Appleton, aliiagiza mwaka wa 1857, kisha hakuja kuichukua. Kwanza ilikuwa ni sala kwa ajili ya mavuno ya viazi. Millet akaongeza mnara wa kanisa na kubadili jina. Baadaye, mwaka wa 1865, alieleza wazo lilitoka wapi. Zamani, wakiwa shambani Gruchy, kengele ikilia, bibi yake aliwasimamisha wote ili wasali Malaika wa Bwana, na kuwaombea marehemu.

Maneno haya yanabadili mambo mengi. Kwanza, sala ile si ya kuridhika tu, ni pia ya kuomboleza. Mtu aliyeichora alikuwa amepoteza baba, mke, bibi na mama, wale wawili wa mwisho bila kuwazika. (Mchoraji Salvador Dalí alishikilia kwamba watu hawa wawili wanamzika mtoto, waliipiga radiografi, wakaona chini ya rangi umbo la giza kama sanduku, na mpaka sasa wengine wanakubali, wengine wanakataa. Mimi naona kwamba marehemu wa bibi wanatosha.) Pili, tazama ajabu hii: sala ni ya Gruchy, ambako shamba lilikuwa lao, lakini udongo na mnara ni vya Chailly, ambako mashamba makubwa yalikuwa ya wengine. Millet ameshika ukumbusho wa nyumbani, akauweka juu ya ardhi ya vibarua. Kwa hiyo mama yule alipouliza shamba ni la nani, aliweka kidole mahali penyewe. Sanamu haina jibu. Hakuna nyumba, hakuna mpaka, hakuna kapita. Kuna viazi, chakula cha maskini, na watu wawili waliochoka ambao kwa dakika chache hakuna anayeweza kuwaamuru. Hilo ndilo ningalipaswa kuhubiri.

Wenye fedha waliisoma vingine. Mwaka wa 1860 iliuzwa kwa faranga 1.000. Ilipita katika mikono ya Wabelgiji, mmoja wao Jules Van Praet, waziri wa nyumba ya mfalme. Millet alipata heshima mwishoni: maonyesho makubwa ya mwaka wa 1867 yalimpa nishani, mwaka uliofuata serikali ikampa Legion d'honneur, na mwaka wa 1874 akaagizwa kuchora katika kanisa la Mtakatifu Genoveva la Paris, ambalo sasa ni Panthéon. Hakuweza, alikuwa amekwisha kuugua. (Kazi yake nyingine kwa Kanisa, sanamu ya Bikira Maria kwa gari la moshi la Papa Pio IX mwaka wa 1858, haikumletea sifa.) Alikufa Barbizon tarehe 20 Januari 1875, akazikwa Chailly, karibu na rafiki yake Théodore Rousseau.

Mwaka wa 1881 kikatoka kitabu cha Sensier, kilichomwonyesha kama mlimaji mtakatifu, mpole, mwenye subira. Sensier alimsaidia sana, ni kweli. Alikuwa pia amekusanya sanamu zake kwa bei ndogo. Tangu hapo bei ilipanda kama moshi. Tarehe 1 Julai 1889 Angelus iliuzwa Paris kwa mnada, Wafaransa wakishindana na Wamarekani, mpaka faranga 553.000. Serikali ya Ufaransa haikupata fedha, ikaenda Marekani ikatembezwa mji kwa mji, watu wakilipa kuitazama. Mwaka wa 1890 Alfred Chauchard, mwenye maduka makubwa ya Paris, aliinunua tena kwa karibu faranga 750.000. Alipokufa mwaka wa 1909 aliiachia Louvre; tangu mwaka wa 1986 iko katika makumbusho ya Orsay. Mwaka wa 1932 mtu mwenye wazimu aliipasua kwa kisu, ikashonwa tena. Katika bei hizo zote Catherine, mjane wake, hakupata kitu, maana sheria haikumpa haki. Wafaransa walipotunga sheria mwaka wa 1920 ili wachoraji na warithi wao wapate sehemu kila mara kazi yao inapouzwa tena, mfano wa Angelus ulitajwa mara nyingi.

Basi sanamu ya watu waliochimba viazi ilikuwa mali ya mwenye duka kubwa. Ilichapwa kwa maelfu, ikapita bahari pamoja na kalendari na picha takatifu, ikatufikia sisi. Njiani ilipoteza ndugu zake. Wale wanawake watatu na mtu wa jembe hawakuja nayo katika misioni zetu, ao mimi sikuwaona. Tuliletewa sala bila mgongo, na sisi wapadri weusi, watoto wa wanawake wanaoinama, tuliihubiri kama tulivyoipokea. Sitaki kumlaumu aliyeitundika kwanza. Labda yeye pia alikuwa mtoto wa mlimaji wa Flandria, aliyeikumbuka kengele ya kwao.

Nilirudi katika kijiji kile baada ya mavuno ya mahindi. Nilikuwa na picha ya Waokota-masuke niliyoipata katika kitabu. Mama yule alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, anapukusa. Nilichuchumaa karibu naye, nikampa. Aliisogeza mbali kidogo na macho, kama wazee wanavyofanya, akakaa kimya. Kisha akaweka kidole, si juu ya wale wanawake, bali kule nyuma kabisa, juu ya mtu wa farasi, ambaye mimi nilimwona baada ya kuitazama mara nyingi.

«Huyu ni kapita», akasema. Akahamisha kidole kwa yule wa kushoto, penye mkono ulio mgongoni. «Na huyu, kiuno kinamuuma. Ana watoto wangapi?»

Nikamjibu kwamba haikuandikwa. Akaniambia nikae vizuri, akanisukumia kikapo cha mahindi, tukapukusa pamoja mpaka kengele ya jioni.